Rejeta Isiyo na Jina: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Kujiundia Lililokuwa Likichemsha

Katika maduka mengi ya spea nchini Uingereza, muuzaji haanzi kwa kuuliza gari ni la aina gani. Huuliza namba ya usajili, huiandika kwenye kompyuta, na orodha ya vifaa vya gari hilo hufunguka mbele yake, kuanzia plagi hadi rejeta. Jumamosi moja ya mwezi Mei, rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Leicester, alisimama mbele ya kaunta ya namna hiyo akataja namba ya gari lake, ambayo huanza na herufi Q. Muuzaji aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta ili mteja ajionee mwenyewe: hapakuwa na rejeta, hapakuwa na plagi, hapakuwa hata na jina la gari.

Herufi Q kule hutolewa kwa gari ambalo umri wake au asili yake haiwezi kuthibitishwa, na mengi ya magari yaliyo nayo ni ya kujiundia, yaani yale ambayo mtu huuziwa chasisi, bodi na maelezo, kisha akayamalizia kwenye gereji ya nyumbani kwake kwa viungo vilivyotolewa kwenye gari jingine, ambalo katika maelezo haya nitaliita gari mama. Desturi hiyo ni kongwe. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alipolizindua gari dogo la michezo la Lotus Seven mwaka 1957, aliliuza pia likiwa vipande, kwa sababu kodi ya manunuzi ya wakati huo ililikamata gari lililokamilika na kuviacha vipande vyake. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 VAT ilipoingia, na mwaka huohuo haki za kuiunda Seven zikachukuliwa na kampuni ya Caterham. Hata hivyo mazoea ya kujiundia hayakufa pamoja na sababu ya kodi, na karakana nyingi ndogo ziliendelea kwa miaka kuuza chasisi za umbo lilelile: pua ndefu na nyembamba, matairi ya mbele yaliyo nje ya bodi, na viti viwili vinavyokaribia kugusa barabara.

Gari la rafiki yangu ni la ukoo huo. Karakana iliyouza chasisi yake ilifungwa zamani, na aliyeliunganisha aliliuza kwa mtu ambaye naye aliliuza, bila daftari wala risiti yoyote kuambatana nalo. Kilichojulikana kwa hakika ni kwamba gari mama lilikuwa Ford Sierra, kwa kuwa injini ilikuwa ile ya lita 2 ambayo wenye kuzijua huiita Pinto, yenye bloku na silinda hedi za chuma cha kusubu na ujazo wa sentimita za ujazo 1,993. Rejeta, hata hivyo, haikuwa ya Sierra. Rejeta ya Sierra ni pana mno kuingia kwenye pua ya gari la namna hii, kwa hiyo aliyeliunda aliitafuta nyingine mahali fulani, akaifunga, akaenda zake na siri yake.

Malalamiko yenyewe yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba gari lilikuwa likichemsha kwenye foleni: barabarani mshale wa geji ulitulia katikati, lakini likisimama dakika chache mshale ulianza kupanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani. La pili ni kwamba kila asubuhi palikuwa na kidimbwi kidogo cha kulanti ya kijani, yaani maji ya kupoozea injini, chini ya pua, upande wa kushoto. Mwenye gari aliyaunganisha malalamiko hayo mawili akapata hukumu moja, kwamba rejeta ni ndogo na imechoka, na dawa yake ni kuweka kubwa zaidi. Kompyuta ya dukani ilipomkatalia, aliagiza kwa pauni 130 rejeta ya alumini tupu, ile inayotangazwa kuwa inafaa gari lolote. Ilipofika ndipo aliponipigia simu: «Yakhe, njoo na futi yako. Kitu chenyewe kizuri kama sinia la harusi, lakini hakiingii.»

Nilipofika niliikuta imelazwa juu ya blanketi kwenye sakafu ya gereji, inang'aa, imechomelewa kwa mkono wa fundi anayejua kazi yake. Upana wake wote ulikuwa milimita 590, na pua ya gari, pale rejeta inapokaa, ilikuwa na milimita 540 tu kwa ndani. Tofauti ya milimita 50 ingeweza kumshawishi mtu achukue msumeno akate faiba ya bodi, na rafiki yangu alikuwa ameshaweka alama ya kalamu pale alipokusudia kukata. Nilimsihi asubiri, na si kwa kuionea huruma faiba. Rejeta ile ilikuwa na kifuniko cha kujazia maji juu yake yenyewe, na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi kuliko upana.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndilo linalowakosesha wengi. Katika magari mengi ya zamani ya barabarani, kichwa cha rejeta ndicho kilele cha mfumo mzima wa maji, kwa hiyo ukifungua kifuniko pale ukajaza, hewa hupanda yenyewe na kutoka. Katika gari lenye pua ya chini kama Seven, rejeta imezama: kichwa chake kiko chini ya silinda hedi kwa kiasi kinachoweza kufika upana wa kiganja au zaidi. Ukifungua kifuniko kilicho mahali pa chini namna hiyo, maji yaliyo juu kwenye injini yatamwagika, na ukijaza hapo, hewa itabaki imejifungia kwenye silinda hedi, mahali hasa ambapo moto ni mkali zaidi. Geji inaweza hata kuonyesha kwamba mambo ni shwari, kwa kuwa kihisi chake kimezungukwa na mvuke badala ya maji. Gari la aina hii linahitaji rejeta isiyo na kifuniko kabisa, pamoja na tangi la akiba, ambalo mafundi huliita rizevu, lililofungwa juu kuliko kila sehemu nyingine inayopita maji, na kifuniko chenye presha kiwe kwenye tangi hilo. Gari la rafiki yangu lilikuwa na tangi kama hilo tayari, limefungwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na dereva, na kifuniko chake kilichapwa bar 1. Kwa presha hiyo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 120 badala ya 100, na ndiyo maana tundu dogo kwenye mfumo si suala la kupoteza maji tu: presha ikitoroka, akiba hiyo ya nyuzi 20 hutoroka nayo.

Basi rejeta ya kung'aa ikawekwa kando, na tukarudi kwenye swali ambalo lilipaswa kutangulia: ile ya zamani imekufa kwa ugonjwa gani?

Kipimo cha kwanza kilihusu injini, wala hakikuigusa rejeta. Gari linalochemsha na kupoteza maji linaweza kuwa na gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na katika hali hiyo ukinunua rejeta umetupa pesa. Kuna kifaa kidogo cha bomba lenye kimiminika cha buluu ambacho huwekwa kwenye mdomo wa tangi injini ikiwa inanguruma. Gesi ya moshi ikiwa inavuja kuingia kwenye maji, buluu hugeuka njano. Tulingoja dakika kumi, buluu ikabaki buluu. Kisha tukaufunga mfumo kwa pampu ya mkono yenye geji, tukaupandisha hadi bar 1 injini ikiwa baridi, na mshale ukaanza kushuka huku tukiutazama. Rafiki yangu alilala chini na tochi. Tone lilikuwa likijikusanya kwenye kona ya chini kushoto, pale tangi la plastiki la pembeni linapoungana na moyo wa alumini.

Rejeta nyingi za siku hizi, na hata nyingi za miaka ya 1980, haziungwi kwa lehemu. Moyo ni wa alumini, matangi ya pembeni ni ya plastiki, na kati yake kuna mpira mwembamba wa kuzuia maji. Kinachovishikilia vyote ni safu ya meno madogo ya alumini yaliyokunjwa juu ya ukingo wa plastiki. Kwenye kona ile meno matatu yalikuwa yamefunguka kiasi cha kupitisha ukucha. Hapo ndipo nilipoikumbuka Gerezani ya Dar es Salaam, ambako fundi rejeta angeipokea rejeta ya shaba, akaizamisha kwenye pipa la maji, akaona mapovu yanatokea wapi, akaziba kwa lehemu na kukurudishia kabla ya adhuhuri. Shaba inasamehe. Alumini na plastiki ukiyakunja upya meno yake, aghalabu yanakatika, na hata yakikubali, mpira wa ndani umeshazoea kulala vingine.

Kwa nini meno yafunguke kona moja tu? Jibu lilikuwa chini yake. Rejeta ya namna hii hushikiliwa na vijiti viwili vya plastiki vinavyotokeza chini ya matangi, na kwenye gari lake la asili vijiti hivyo hukaa ndani ya bushi za mpira. Aliyeliunda gari hili alitoboa mapande mawili ya chuma, akavitumbukiza vijiti humo, na ili visigonge akakaza bamba la chuma juu. Upande wa kulia bamba lilikuwa limelegea lenyewe, na pengine ndilo lililouokoa upande huo. Upande wa kushoto lilikuwa limekazwa kisawasawa. Chasisi ya mirija ya gari jepesi hujinyonga kila gurudumu moja linapopanda tuta, na kila ilipojinyonga iliivuta kona ile ya rejeta. Kwa hiyo hata rejeta mpya, kubwa au ndogo, ya pauni 40 au 400, ingefungwa namna ileile na kufa namna ileile.

Baada ya hapo ndipo ilipokuwa na maana kuitafuta mbadala, na kosa la kwanza la kutafuta lilikuwa langu mimi. Nilipima upana wa rejeta ya zamani kutoka ukingo hadi ukingo, nikapata milimita 510, nikampigia simu muuzaji wa rejeta nikamtajia kipimo hicho. Alinijibu kwa furaha kwamba anayo ya Volkswagen Golf yenye milimita 525, tofauti ndogo tu, na nikamwambia aiweke pembeni. Jioni, nikiwa nimetulia, nilikumbuka kwamba orodha za watengenezaji kama Nissens na Valeo huandika vipimo vya moyo peke yake, yaani lile eneo la mirija na mapezi, bila kuhesabu matangi ya pembeni. Ile ya milimita 525 ingekuwa na upana wa takriban milimita 600 ikikamilika, sawa na lile sinia la harusi tulilokwisha kulikataa. Nilipopima moyo peke yake nilipata milimita 430 kwa 320, unene 34. Nikampigia tena asubuhi kumwomba radhi.

Rejeta yenyewe ilikuwa na jina lake, ila limeandikwa mahali ambapo hakuna aliyetazama. Tulipoitoa na kuisugua kwa brashi ya plastiki na maji ya sabuni, nyuma ya tangi la kushoto pakaonekana tarakimu zilizosubiwa pamoja na plastiki. Tatu za mwanzo zilikuwa zimelika kwa kusuguana na pande la chuma, lakini tatu zilizofuata zilisomeka vizuri: 121. Katika namba za vifaa vya Volkswagen, tarakimu tatu za mwanzo huelekeza kwenye aina ya gari, na zile za katikati hutaja kundi la kifaa. 121 ni kundi la mfumo wa kupooza injini. Ushahidi wa pili ulikuwa tundu la swichi ya joto ya feni, lililo kwenye tangi hilohilo. Swichi ilikuwa imeoza na nyaya zake zimekatwa, lakini nyuzi zake za skrubu zilipopimwa zikawa M22, yaani kipenyo cha milimita 22, zenye hatua ya milimita 1.5, kipimo ambacho Volkswagen walikitumia kwa miaka mingi. Midomo yote miwili ya maji ilikuwa upande mmoja. Mambo hayo manne, yaani moyo, kundi la namba, nyuzi za swichi na mpangilio wa midomo, yalituelekeza kwenye Polo ya miaka ya 1980, na wala halikuwa jambo la ajabu: waundaji wengi wa magari ya umbo la Seven nchini humo walizipenda rejeta za Polo, kwa kuwa ni ndogo, ni rahisi, na zinaenea puani bila kukata kitu.

Lililobaki ni wasiwasi wa mwenye gari, ambao haukuwa wa kipuuzi. Aliuliza: inakuwaje rejeta ya gari dogo la mjini ipooze injini ya lita 2 iliyokuwa ikivuta Sierra? Jibu ni kwamba rejeta haipoozi ujazo wa injini, inapooza kazi inayofanywa. Kwa makadirio ambayo mafundi huyatumia, joto linaloingia kwenye maji hukaribiana na nguvu inayofika kwenye magurudumu kwa wakati ule. Injini hiyo ikikamuliwa hadi mwisho hutoa kiasi cha kilowati 77, lakini ni nani anayeikamua hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde chache barabarani? Sierra yenyewe ilizidi tani moja. Gari hili mizani ililipa kilo 640. Likienda mwendo wa barabara kuu linahitaji sehemu ndogo ya nguvu hiyo, na upepo wa mwendo huo ni mwingi kuliko rejeta inavyouhitaji. Angekuwa analipeleka kwenye mashindano ya mzunguko, ningemshauri vingine. Kwa safari za Jumapili kwenda kwa shemeji yake Nottingham, Polo inatosha, na ushahidi ulikuwa mikononi mwake tangu mwanzo: gari halikuwahi kuchemsha likiwa mwendoni, lilichemsha likiwa limesimama. Gari linalochemsha likikimbia ndilo la kudhaniwa kuwa na rejeta ndogo au iliyoziba. Linalochemsha likisimama, mshukiwa wa kwanza ni feni, na hatukuwa tumeigusa feni bado.

Tulizingatia kwa haraka njia nyingine mbili. Kuweka moyo mpya kwenye matangi ya zamani kungegharimu zaidi ya mara nne ya rejeta mpya, na hiyo ni njia ya kufuata pale tu kifaa kisipopatikana tena. Kuagiza rejeta ya alumini itengenezwe kwa vipimo vyetu kungezaa kitu kizuri, bila kifuniko, chenye midomo popote tunapotaka. Lakini siku ikitoboka njiani kule Wales, hakuna duka litakalokuwa nayo. Ile ya Polo ilikuwepo dukani, mpya, kwa pauni 48, na muuzaji aliitoa ghalani kwa dakika tatu baada ya kutajiwa vipimo vya moyo na upande wa midomo, bila kuuliza namba ya gari.

Ufungaji ulichukua siku moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye mabano ya chini. Tuliyatupa mabamba ya chuma, tukapanua matundu, tukaweka bushi za mpira za Volkswagen zilizogharimu pauni chache, na juu tukaacha rejeta ishikiliwe na vipande viwili vya mpira mgumu, kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole gumba inasogea milimita tatu na kurudi. Mwenye gari hakuipenda hali hiyo. Alisema inamwonyesha kama jino linalotaka kung'oka. Ilibidi nimshike mkono niuweke kwenye chasisi huku mtu mwingine akilipandisha gurudumu moja kwa jeki, ili ahisi mwenyewe jinsi chuma kinavyojinyonga na rejeta inavyobaki imetulia kwenye mpira wake.

Mipira ya maji ilileta udhia mdogo. Mdomo wa chini wa injini ulikuwa milimita 38 na ule wa rejeta 32, kwa hiyo ulihitajika mpira wa silikoni unaopunguza kipenyo. Aliyetangulia alikuwa ameushindilia mpira mpana juu ya mdomo mwembamba na kuubana kwa klipu mbili, na mikunjo yake ilikuwa bado inaonekana. Kulanti ya zamani tulimwaga yote, tukasafisha bloku kwa maji mpaka yakaacha kutoka na rangi ya kutu, na hatukuchanganya aina mbili, kwa sababu baadhi ya kulanti mpya zikikutana na zile za kijani za zamani hugandana kama uji. Tuliyoikusanya tuliifunika mara moja: ina ladha tamu, na ni sumu kwa mbwa na paka wa majirani.

Kutoa hewa ni kazi ya subira. Kutoka sehemu ya juu kabisa ya nyumba ya thamostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, tulivuta kimpira chembamba hadi kwenye tangi la akiba, ili povu lipate njia ya kupanda, na kwenye bamba la thamostati tukatoboa kitundu cha milimita 3. Kisha tukajaza taratibu kwenye tangi, huku mmoja akiminyaminya mipira kama anayekamua ng'ombe, na kila alipominya mapovu yalitokeza. Injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi. Kwa dakika kadhaa mpira wa juu wa rejeta ulibaki baridi mkononi, kisha ghafla ukapata moto, na maji kwenye tangi yakashuka kwa upana wa vidole viwili. Thamostati imefunguka, rejeta imekunywa. Tukaongeza maji, tukafunga kifuniko.

Swichi mpya ya joto tuliyoiweka huwasha feni maji yakifika nyuzi 92 na kuizima yakishuka hadi 87. Iliwaka kwa wakati wake, ikanguruma, na mwenye gari akapiga makofi. Geji haikushuka. Ilisimama kidogo, ikaendelea kupanda, na uso wake ukabadilika, kwa maana hiyo ndiyo hali ileile aliyotumia pauni 130 kuikimbia. Nilimwomba karatasi. Alinipa risiti ya rejeta. Niliishika kwa ncha mbele ya mapezi, kwenye tundu la pua, nikitarajia ivutwe na kunasa kwenye rejeta kama jani kwenye wavu. Badala yake ilipeperuka ikaanguka nje. Feni, iliyofungwa nyuma ya rejeta ili ivute upepo kupitia ndani yake, ilikuwa inausukuma kwenda mbele.

Feni ya umeme ya namna hii huzunguka kufuata mwelekeo wa umeme unaoiingia. Ukizibadilisha waya mbili, nayo hugeuza mzunguko. Kwenye plagi yake, pini mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na mkanda wa umeme uliozungushwa juu yake ulionyesha kwamba kuna mtu aliwahi kuifungua na kuifunga tena. Gari lilipokuwa mwendoni kosa hilo halikuonekana, kwa kuwa upepo wa barabara ulikuwa na nguvu kuliko feni. Lilipokwenda mwendo wa konokono kwenye foleni, feni na gari vilisukumana upepo pua kwa pua, na rejeta iliyokuwa katikati haikupata wowote. Zaidi ya hayo, mapanga ya feni yamepinda kwa ajili ya kuvuta upande mmoja, kwa hiyo hata ule upepo wa kinyume iliokuwa ikiutoa ulikuwa hafifu. Nadhani wamiliki wote watatu walisikia feni ikinguruma wakaridhika, na kila mmoja akailaumu rejeta.

Tulizirudisha pini mahali pake. Karatasi ikanasa kwenye mapezi, na geji ikashuka ndani ya dakika moja na nusu. Ikiwa nitakuwa mkweli, niliona haya kidogo, kwa sababu jaribio la karatasi ningeweza kulifanya siku ya kwanza, kabla hata ya futi kutoka mfukoni. Nilikuwa nimevutwa na fumbo la tarakimu zilizofutika nikausahau upepo.

Mwezi Julai, siku yenye joto la nyuzi 29, alikwama kwa dakika 40 kwenye barabara kuu ya M1 nyuma ya ajali. Alinitumia picha ya geji, kisha nyingine baada ya robo saa, kisha nyingine. Katika zote tatu mshale uko mahali pamoja, na feni, kwa maelezo yake, ilikuwa ikiwaka na kuzima yenyewe. Rejeta ya alumini bado anayo. Muuzaji alikataa kuipokea kwa kuwa kisanduku kilikuwa kimeraruliwa, na sasa imeegemezwa kwenye ukuta wa gereji, ambako mkewe ameiomba mara mbili aifanye kianikio cha taulo.

Kabla sijaondoka mara ya mwisho, tuliifungua boneti, tukaupangusa upande wa ndani kwa spiriti, na kwa kalamu ya rangi nyeupe akaandika kwa mkono wake: Polo, moyo 430 kwa 320 kwa 34, midomo 32 upande mmoja, haina kifuniko, swichi M22 kwa 1.5, nyuzi 92/87, kifuniko cha tangi bar 1. Akasita, kisha akaongeza chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, mshale unaoelekea kwenye injini na neno UPEPO.